Mgomba Tuliouzika kwa Jina la Hezroni

Ijumaa, Mei 2018. Al Wukair, Doha.

Vumbi limeufunika mtaa tangu asubuhi. Mnara wa msikiti ulio ng'ambo ya barabara hauonekani, ila sauti yake inafika. Madirisha yote yamefungwa na bado meno yangu yanasaga mchanga.

Leo naandika jambo nililolificha kwa miaka kumi. Ndugu yangu Hezroni hakuchukuliwa na mto. Mimi ndiye niliyesema alichukuliwa na mto, nikaaminiwa, na ukoo mzima ukalia kwa maneno yangu.

Wengi mnaosoma ukurasa huu wa mtandaoni niliwafundisha jiografia kule Vihiga. Mnakuja hapa kumcheka mwalimu wenu mstaafu anayelalamikia joto la Qatar na chai ya karak iliyozidi sukari. Leo hakuna cha kuchekesha. Mkitaka kufunga ukurasa, sitawalaumu.

Moyo wangu umechoka. Daktari ameacha kunionya kuhusu chumvi. Siku hizi ananiuliza tu kama napata usingizi, na kama kuna chakula ninachokitamani. Niliwahi kumsikia daktari mwingine akibadilisha maswali namna hiyo, kwa hiyo sikuhitaji kufafanuliwa.

Ninaishi kwa Adisa, ambaye ni muuguzi hapa. Kwenye makaratasi ya viza ameniandika baba. Mimi si baba yake. Yeye ni mtoto wa Hezroni, mtoto wake wa pekee, na mama yake alifariki akiwa bado mdogo.

Wiki ijayo Adisa anaanza likizo. Amekata tiketi ya kwenda India. Anataka kusimama mahali mto ulipomchukua baba yake na kutupa maua majini. Anasema amekuwa na wazo hilo tangu siku ya mazishi, na kwamba anataka kwenda nikiwa bado hai ili arudi anisimulie.

Jumanne alikuja kitandani kwangu na simu, akaniwekea ramani mbele ya macho.

"Baba Mkubwa, nionyeshe. Ni daraja lipi?"

Nikamwambia vitu vidogo sivioni tena.

"Mwalimu wa jiografia ashindwe na ramani?" Akacheka, akaikuza picha kwa vidole. "Haya, mto ndio huu. Wewe gusa tu."

Nikagusa. Niligusa popote. Akaweka alama nyekundu hapo, akanishukuru, akaenda kunikorogea uji.

Tangu Jumanne naiona ile alama hata nikifumba macho. Mtoto wa ndugu yangu atavuka bahari akalie mahali palipochaguliwa na kidole changu bila kutazama.

Ilikuwa mwaka 2008. Nilimpeleka Hezroni Delhi kutibiwa. Tumbo lilikuwa limevimba na mwili mwingine wote umeisha, shati likimning'inia kama limeanikwa. Walimfungua, wakatazama, wakamfunga. Daktari akaniita pembeni, akasema ni saratani na imeenea. Kisha akaniuliza kama ndugu yangu ana chakula anachokipenda.

Tulikuwa tumebakiwa na muda kabla ya ndege. Hezroni ndiye aliyetaka twende milimani.

"Umefundisha Himalaya maisha yako yote na hujaiona hata siku moja," alisema. "Umekuwa ukiwadanganya watoto wa watu, Mwalimu."

Alikuwa akiniita Mwalimu kila alipotaka kunichokoza.

Tukakodi gari pamoja na dereva, Bwana Bisht, mtu wa makamo aliyezaliwa hukohuko milimani. Ulikuwa msimu wa mvua. Tulipokaribia mji wa Haridwar tukakutana na mahujaji, maelfu, wamevaa rangi ya machungwa, wengi bila viatu, mabegani wamebeba miti iliyoning'inizwa vyungu vya maji ya mto mtakatifu. Walikuwa wakirudi makwao. Kwa maili nyingi kila mtu alikuwa akitujia usoni. Sisi peke yetu ndio tuliokuwa tukielekea kule walikotoka.

Sikulipenda jambo hilo, ingawa mimi si mtu wa kuamini ndege mbaya na bundi.

Haridwar jioni watu huweka taa ndogo kwenye majani na kuziachia majini. Nyingi huzimika kabla hazijafika mbali. Chini kidogo ya ngazi za mto kulikuwa na moshi, na Hezroni akauliza unatoka wapi. Bwana Bisht akamwambia wanachoma wafu. Akaeleza kwamba wapo wanaosafiri kutoka mbali waje kufia hapo, na kwamba jamaa zao huona ni bahati.

Tuliporudi hotelini Hezroni alikaa kitandani. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwa amelisema. Kabla hatujaondoka nyumbani, akiwa amelala chumbani, alisikia shoka nyuma ya nyumba. Binamu zetu walikuwa wakipasua kuni za matanga yake. Walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu pahali pa kuweka hema.

Nilijua habari za kuni hizo. Mimi ndiye niliyewaonyesha mti.

Sikumwambia.

Kesho yake tukapanda hadi Rishikesh. Pale kuna daraja la kamba za chuma linaloyumba watu wakipita, na nyani wanaokaa juu ya kamba wakiwapora watu ndizi. Chini mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unanguruma hata huwezi kusikia mtu aliye kando yako. Hezroni akasimama katikati na kuinama kutazama. Nikamshika sweta kwa nyuma.

"Niache, Mwalimu," akanipigia kelele sikioni. "Ningetaka kuruka ningekuachia hii sweta. Ni ya mtumba nzuri."

Nilicheka, lakini sikuiachia. Uongo wangu ulizaliwa pale. Baadaye nilipohitaji picha ya kuwapa watu, nilikuwa nayo tayari: daraja, maji, mkono uliokamata sweta.

Mussoorie tuliingia ndani ya ukungu. Ni mji wa mlimani uliojengwa na Waingereza wakikimbia joto, hoteli za mapaa ya mabati, kuta zenye kuvu. Maharusi wapya walikuwa wakitembea barabarani wamevaa makoti ya plastiki, wakila mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili. Hezroni akala hindi zima. Akasema ni kama lile la kwetu Chavakali, ila huku unalipia ukungu pia.

Usiku huo alitapika hindi lote, na asubuhi hakuweza kufunga vifungo vyake.

Nilitaka turudi Delhi. Njia ya chini ilikuwa imefungwa na maporomoko, kwa hiyo Bwana Bisht akachukua barabara ya mashariki, inayopita juu ya mgongo wa milima. Upande mmoja ukuta wa udongo unaovuja maji, upande wa pili hakuna kitu, ukungu tu. Mara mbili alisimamisha gari na kuzima injini ili asikilize kama mawe yanashuka. Sijawahi kuogopa kimya kama kile. Hezroni alikuwa amelala kiti cha nyuma, na kila gari liliposimama aliuliza, "Tumefika?"

Bwana Bisht ndiye aliyetupeleka kwenye nyumba ile. Ilikuwa nyumba ya mawe chini ya mierezi, wanawake wachache wakiwatunza wagonjwa wasio na watu. Mkubwa wao kila mtu alimwita Didi, yaani dada. Alimpa Hezroni kitanda cha dirishani na maji ya moto, wala hakuuliza sisi ni dini gani.

Barabara ilipofunguliwa, Hezroni akakataa kuondoka.

"Nikirudi wataniketisha barazani wanitazame," akasema. "Wanangoja. Kuni zimeshakauka."

"Na Adisa?"

"Adisa asinione hivi."

"Mimi niwaambie nini?"

"Wewe ni mwalimu. Wafundishe."

Nilibishana naye, lakini si sana. Nikamwachia sweta yangu na namba yangu ya simu, nikaingia garini. Tulipokuwa tukishuka Bwana Bisht aliniuliza kama yule ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nikasema ndiyo. Hakunisemesha tena hadi Delhi.

Uwanja wa ndege wa Nairobi jamaa zetu walikuja na gari lenye godoro nyuma. Shangazi yetu akaangalia nyuma yangu, akaangalia tena.

"Mwenzako yuko wapi?"

Kwetu mtu hamwachi ndugu yake mgonjwa kwa watu asiowajua. Hakuna maneno ya kulieleza jambo hilo yakaeleweka. Lakini maji hayana lawama. Mdomo wangu ukasema mto, na shangazi akaanguka palepale kwenye sakafu.

Mtu ambaye mwili wake haukupatikana, sisi huzika mgomba badala yake. Wazee walikata shina shambani, wakaniuliza urefu wa marehemu. Nikaweka kiganja kwenye kidevu changu: hapa. Wakalikata, wakalivisha koti lake la harusi, wakalilaza ndani ya jeneza. Lilikuwa linatoa maji. Koti lilikuwa limelowa kifuani tulipofunga kifuniko.

Nilizungumza kaburini. Niliieleza ile rangi ya maji vizuri sana, na watu walilia. Adisa alikuwa amenyolewa nywele, amesimama kando yangu ameshika mkono wa koti langu. Mzee mmoja akatukumbusha kwamba aliyezikiwa mgomba ameshaondoka, na hata akija kwa miguu yake mwenyewe havuki tena lango la boma lake. Tukaitikia kwa vichwa, kama tunavyoitikia maneno yasiyotuhusu.

Mimi peke yangu nilijua tunamfukia mtu anayepumua. Nilingoja ardhi ifanye kitu. Haikufanya kitu. Mvua ikanyesha jioni, kama kawaida ya kwetu.

Nilijifariji kwamba hatafika mwisho wa mwaka. Daktari alisema. Nilijiambia kwamba nilitimiza ombi la mtu anayekufa, na kwamba mazishi yaliwahi tu kidogo.

Ningeweza kumalizia hapa. Adisa anasoma ukurasa huu kila Ijumaa akitoka zamu, miguu juu ya meza, na kama ningeishia hapa nadhani angenisamehe. Angesema Baba Mkubwa alibeba siri ya ndugu yake. Angenikorogea uji.

Adisa, usiende Rishikesh. Hakuna kitu kwenye lile daraja ila nyani. Panda hadi Mussoorie, ufuate barabara ya mashariki inayopita juu ya mgongo wa milima, na uulize nyumba ya mawe ya Didi. Kama Didi hayupo tena, watakuwepo wanaomkumbuka.

Kisha soma na haya yaliyobaki, kwa sababu bila haya utafika kule ukiwa mjinga na wao wakijua.

Desemba mwaka uleule, mchana, simu yangu ililia nikiwa uani. Namba ilikuwa ndefu. Sauti ilikuwa nene, yenye afya.

"Mwalimu. Bado hujafa?"

Akacheka. Akasema Didi alileta daktari mwingine, na huyo akasema haikuwa saratani, ni kifua kikuu cha tumbo. Akasema amemeza dawa kama mtu anayekula karanga. Amenenepa. Sasa ni yeye anayewagawia wengine uji, na amechoka na dengu, anataka ugali. Akasema nije nimchukue. Kisha akauliza, "Adisa yuko hapo? Mpe simu."

Ulikuwepo. Ulikuwa mbele yangu kabisa, unaanika maharagwe juu ya gunia, nywele zako ndiyo kwanza zinaota. Uliinua kichwa kunitazama kwa sababu nilikuwa nimesimama ghafla.

Nimejitetea kwa mila miaka yote hii: lango, wazee, mtu aliyekwisha kuzikwa. Si mila. Niliona uso wa shangazi, nikaona watu waliolia kwa hotuba yangu, nikaona watakavyonitazama kanisani. Nilikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na sikutaka kuonekana mwongo.

Nilimwambia Hezroni kwamba tulimzika Septemba na asipige tena. Alikuwa bado anazungumza nilipokata. Uliponiuliza ni nani, nikasema ni mtu amekosea namba, na kabla ya wiki kuisha nilikuwa nimebadilisha laini.

Alikuwa baba yako, Adisa. Alikuwa mzima, na alikuwa amekuulizia wewe.