Imesema Isizimwe

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana hapa nilipo nimepata nafuu na aibu kwa pamoja na sijui nianze na ipi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba za watu kwenye kompyuta pale sebuleni, naamka alfajiri nyumba ikiwa kimya, nachora mpaka watoto waamke, halafu naacha kazi wazi hivyohivyo, napika uji, nampeleka mkubwa shule, mdogo namwacha na bibi yake, yaani mama mkwe wangu, tunayeishi naye. Basi ikawa nikirudi naikuta kompyuta inanidai neno la siri upya, nikifungua kila kitu kimetoweka, siku moja ngazi nzima ilikwenda na maji, nyumba ya ghorofa ikabaki haina pa kupandia na mwenyewe anaisubiri mchana huohuo.

Sasa Shangazi, mama huyu ni mtu wa kuzima. Taa anazima, feni anazima, redio ukigeuka tu keshazima, husema umeme si mvua, hauanguki bure. Ningemfikiria nani mwingine? Nikavumilia, nikanuna, mpaka asubuhi moja nilisahau mwavuli, narudi ghafla, namkuta amesimama kwenye swichi ya ukutani, kaifunika kwa kiganja, miwani puani, mdogo anamvuta gauni huku analia, na kioo cha kompyuta kimekuwa buluu, kitu kinazungukazunguka. Nikasema leo nimekufuma! Akanijibu, "Mwanangu, imesema isizimwe." Nikaona ananicheza shere. Nikamwambia mbele ya mwanawe, mume wangu, aliyekuwa anavaa viatu, "Mama, kama hunitaki humu ndani sema, usinizimie riziki yangu." Jumamosi alifunga begi lake akahamia kwa shemeji yangu, mtaa wa pili, na mume wangu tangu hapo anakula kama mgeni.

Jumanne kompyuta ikajizima tena, Shangazi! Na ndani hamna mtu, mdogo nilikuwa naye mgongoni. Nikashusha pumzi: kumbe si mama! Halafu nikakumbuka begi lake: kumbe si mama. Fundi simu wa hapa kona anasema ni masasisho, yaani marekebisho ya programu, yanafanyika yenyewe, anataka aje ayaue yote tupumzike. Nimkubalie? Na kwa mama niende na uso gani, au ninyamaze tu yapoe yenyewe?

Mchora Ramani

*

Mchora Ramani,

Ala! Kaa kwanza, upumue. Nimesoma barua yako nikacheka kwa raha, maana wiki nzima naletewa wanaume wenye nyumba mbili, wewe unaniletea ugomvi usio na mgomvi. Hakuna anayekuchukia humo ndani. Ndiyo habari njema, ishike.

Fundi wako amesema kweli nusu. Ni masasisho, lakini asiyaue. Hayo ndiyo yanayoziba matundu wanayopitia wezi wa mtandaoni. Ukiyazima utakuwa umeng'oa mlango kwa sababu unapiga kelele ukifungwa. Kinachokusumbua ni saa tu. Kompyuta yako imepangiwa kwamba kazi huanza saa mbili asubuhi, kama ofisini. Kabla ya hapo ikiona umeinuka, inajisasisha na kujiwasha upya. Ingia kwenye mipangilio, tafuta masasisho, zisogeze saa za kazi zianzie alfajiri unapoamka. Ukiwa na kazi ya haraka, yasimamishe kwa wiki moja, kisha uyaruhusu. Na ukiinuka kitini, hata uji uwe unafurika, hifadhi kazi yako! Mtu mzima unaachaje ngazi ya ghorofa hewani?

Halafu kile kijitangazo cha pembeni mwa kioo, kinachouliza iwashwe upya sasa au baadaye, umekifuta mara ngapi bila kukisoma? Usinijibu, najua. Mashine imekuuliza, hukusoma. Mama amekuambia, hukusikia. Rudia barua yako mwenyewe, mwanangu. Kioo kikiwa vile, pale huwa pameandikwa: usizime kompyuta yako. Mama alivaa miwani akasoma. Mjukuu anataka kuchezea swichi, yeye kaifunika kwa kiganja, mtoto analia, yeye hasogei. Mtu wa kuzima kila kitu, siku hiyo alikuwa anailinda riziki yako.

Kwa hiyo usinyamaze. Hata kuku harudishwi bandani kwa ukimya. Leo, si kesho, nenda mtaa wa pili na mumeo, aliyesikia tusi asikie na radhi. Usianze kumweleza mambo ya masasisho. Sema, "Mama, nilikukosea, ulikuwa unanilinda." Kisha lile begi ulibebe wewe.

Nyongeza. Ukurasa ukiwa karibu kwenda mtamboni, nimepata ujumbe wa Mchora Ramani, ambaye nilimtumia jibu mapema kwa sababu moyo haukunipa kumwacha asubiri gazeti: "Shangazi, amerudi! Hakuniacha hata nimalize kuomba radhi, ameniuliza tu, 'Ile ngazi ya watu uliipata?' Sasa hivi amevuta kiti mbele ya kompyuta, miwani puani, anasubiri itakachosema. Taa ya sebuleni keshaizima."