Usiifute Programu ya Rama

Kaka Latifu, shikamoo.

Nilipoijaribu DVD ya harusi asubuhi, kitu cha kwanza nilichoona ni jina la programu yako limekaa juu ya mdomo wa Bibi kama masharubu. Nawe ukanijibu eti, “Ya bure ndivyo ilivyo, mdogo wangu.” Bibi atawaonyesha majirani wote wa Kisarawe, kaka.

Choma nyingine kwa programu aliyotuwekea Rama, yule fundi wa kompyuta wa Maili Moja. Inachelewa, lakini picha inatoka safi. ~~Ukimaliza, ifute.~~ Usiifute.

Maharage yapo jikoni, yapashe. Mimi nimetangulia kwa Bibi, uje na DVD leo.

Uliniuliza mbona naitetea sana programu ya mtu, nikajifanya naosha vyombo. Rama anataka kuleta posa, na mimi nimeshamkubali.

Mdogo wako,
Zuwena