Nilimpa Shemeji Hisa kwa Sababu ya Suti

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na ukitaka kucheka cheka kwanza umalize ndipo ujibu, maana hata mimi nikijisikiliza nashindwa kujionea huruma. Mimi ni muuza dawa. Mwaka jana friji ya duka ilizima Jumamosi, nikaja kugundua Jumatatu, insulini yote imeharibika, na mama mmoja mgonjwa wa sukari akarudi kwake mikono mitupu, ndipo nikamwambia dada anayenitengenezea friji, "Fundi, kwa nini friji isinipigie simu yenyewe ikianza kupata joto?" Akacheka, akaondoka, na baada ya miezi minane ya kuunguza vidole akaniletea kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachopiga simu kweli. Mimi katika miezi hiyo minane nilifanya kazi moja: nilichagua rangi.

Tulipokaa sebuleni kwangu kugawana hisa za kampuni, ambayo hata kusajiliwa bado, nikajifanya mwenyekiti, nikajipa asilimia sitini kwa kuwa wazo ni langu, thelathini nikampa shemeji, kaka wa mke wangu, kwa kuwa anajua kuongea, ana suti, na dada yake ndiye aliyekuwa akitumiminia chai, halafu fundi nikampa kumi zilizobaki. Akasema, "Haya, kaka." Nikaona ameridhika! Shemeji naye tangu siku ile kazi yake ni kugawa kadi zenye cheo cha Mkurugenzi Mwanzilishi.

Wiki iliyopita mama mmoja, mkuu wa stoo ya dawa katika hospitali kubwa, akatuita tukamwoneshe. Fundi tukamwacha. Nilimwambia chumba ni kidogo, ila ukweli niliona ovaroli yake itatuaibisha. Shemeji akahutubia dakika ishirini. Yule mama akauliza swali moja tu, "Umeme ukikatika, hiki kinafanyaje kazi?" Shemeji akanitazama mimi, mimi nikatazama dirisha, kisha nikasema, "Kwa teknolojia." Mshauri, nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Ikabidi tumpigie fundi, naye akajibu palepale kwamba ndani kuna betri ya siku tatu, na kinatuma ujumbe kabla haijaisha. Mama akafunga daftari. "Nitafanya kazi na huyo. Mje naye baada ya wiki mbili."

Niliporudi dukani nikakuta kidude cha pili, alichokuwa amebaki nacho fundi, kiko mezani na karatasi: "Kaka, nasikia chumba kilikuwa na viti kumi. Asilimia zangu gawaneni." Simu hapokei. Mke wangu akasema, "Hata suti yenyewe aliazima," lakini anaogopa kelele za ukoo nikimnyang'anya kaka yake hisa. Nifanyeje?

Mwenye asilimia sitini za aibu

MAJIBU

Ndugu yangu, nimecheka kama ulivyoruhusu, sasa nimemaliza.

Wewe si mwizi, ni mwoga. Uligawa kampuni kama mtu anayepanga wageni mezani, asije mtu akanuna. Aliyenuna ni yule pekee usiyemwogopa. Na hilo wazo usilidharau, ila lipime vizuri: wewe ulikuwa na swali zuri, jibu alilitoa yeye.

Nenda karakana kwake leo, peke yako. Habari za chumba usizianze. Sema, "Nilikuonea haya, nimekosa," halafu nyamaza. Muulize yeye kwanza anaona haki yake ni ngapi, na akitaja nusu au zaidi usikunje uso. Mkikubaliana, kila mmoja azipate hisa zake kidogo kidogo kwa miaka minne ya kazi. Atakayeondoka njiani achukue alizofanyia kazi tu. Hilo linakuhusu na wewe, mchagua rangi. Liandikeni mbele ya mwanasheria kabla hamjakanyaga tena hospitali.

Shemeji mkalishe, mkeo akiwepo. Akileta mteja akanunua, atalipwa kamisheni yake. Hisa arudishe, na zile kadi aache kuzigawa. Atakasirika. Mwache akasirike, bado atabaki shemeji yako. Ila kidude kikikosa fundi wake, mgonjwa atakayechomwa dawa iliyoharibika hana kikao cha ukoo cha kumtuliza.

Na fundi akikataa kurudi? Usimbembeleze kila siku kama mkwe. Mpe kile kidude na namba ya yule mama wa hospitali, kwa mkono wako, bila masharti. Itakuuma sana. Iache iume.