Siku ya Vumbi Jekundu

Suwaidi, Riyadh

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai kifua kimekuachia na sasa unalala vizuri. Sie wazima. Najua umengojea sana barua yangu, lakini ukisoma utanisamehe.

Tangu mume wangu Salim ahamishiwe huku kufunga umeme kwenye majumba mapya, naikumbuka Jeddah. Kule mtaani kwetu Ruwais tulikuwa tunarowa jasho na nguo hazikauki, kama huko nyumbani. Huku kukavu, mama! Ukianika kanga mbili, ukimaliza ya pili, ya kwanza imeshakauka. Midomo inapasuka, pua zinatoka damu. Na wakati wa baridi nililala na sweta mbili.

Jumatatu asubuhi uchungu ulinishika. Tuko njiani kwenda hospitali, mara mbingu ikawa nyekundu upande mmoja, kama ukuta unaotembea. Vumbi likatufunika. Salim haoni hata mbele ya gari. Akasimama, akaanza kusoma Yasini.

"Salim," nikamwambia, "mtoto hatongoja vumbi litulie."

Akashuka, akanishika mkono, akapapasa ukuta wa nyumba ya karibu mpaka akaupata mlango. Akafungua bibi mmoja mtu mzima, jina lake Hessa. Hakuuliza sie nani.

"Yalla, ingia, binti yangu."

Alirowesha mashuka akayatundika madirishani ili vumbi lisipite, kisha akanishika kiuno. Nilikuwa nalia, "Mama! Mama!" nikikusudia wewe, akawa anaitika yeye.

Adhuhuri nikajifungua mtoto wa kike. Nje yakadondoka matone machache ya mvua, tope tupu, na vumbi likalala.

Salim alipokwisha kumwadhinia, nikamwambia yule bibi kuwa mtoto tutamwita Hessa. Akakataa.

"Mimi nimeshampakata. Mama yako bado. Yeye anaitwa nani?"

"Zuwena."

Akainama kwenye sikio la mtoto, akaliita jina lako taratibu, mara tatu, kwa lafudhi yake. Hapo ndipo nilipolia, mama, kuliko wakati wa uchungu.

Nisalimie shangazi, mwambie kofia aliyomshonea Salim inamkaa sawa. Msalimie na kaka mwalimu, na jirani yetu muuza mandazi.

Tuombee dua.

Mwanao Rukia, pamoja na somo yako, anayenyonya hivi ninavyoandika.