Safu Isiyojaa

Jumatatu, 12 Mei

Magazeti yamechelewa tena. Nimesoma vichwa vya habari kwenye simu, huku nikichakarisha karatasi karibu na maikrofoni ili wasikilizaji wadhani nafunua kurasa. Athumani, fundi mitambo wetu, amecheka nyuma ya kioo mpaka akajifunika uso.

Siku yangu ya kwanza kwenye kiti. Kiti chenyewe! Miaka yote nimekiandaa kipindi hiki, nimewaita wageni, nimewamiminia chai, nimewaandikia wengine maswali ya kuuliza. Sasa Bi Rehema, mtangazaji wake, amestaafu na meneja amenipa wiki mbili za majaribio. Wasikilizaji wakinikubali, kiti changu. Wasiponikubali, analeta mtangazaji kutoka Dar. Mtu wa Dar aje awasomee watu wa Tanga habari za Tanga! Simwachii.

Nimemhoji bwana afya kuhusu mitaro. Uchambuzi wa mpira ukafuata. Kisha simu za wasikilizaji. Wa kwanza, kama kila asubuhi, Mzee Hamisi Kombo wa Makorora. Karani mstaafu, mgane, na kazi yake siku hizi ni kutukosoa. Akaniambia mji mzima ukisikia: "Zuhura mwanangu, sauti unayo. Lakini wakimbia kama kuku aliyeona mwewe."

Nikasema ahsante mzee. Nilitamani kung'oa waya.

Lakini nimefurahi. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula mchana.

Jumanne, 13 Mei

Vizuri zaidi kuliko jana. Mzee Hamisi hakupiga. Alhamdulillahi.

Athumani anasema mzee alikuwa na haki, nakimbia. Nimemnunia.

Jumatano, 14 Mei

Sijui nicheke au nijifungie ndani.

Asubuhi, tukiwa tunakaribia tanzia, simu ililia. Kijana analia. Amesema Hamisi Kombo amefariki usiku, maziko leo baada ya adhuhuri. Nikasema inna lillahi. Nikakata.

Mungu anisamehe, nilichohisi kwanza ni ahueni. Kwamba kesho hakuna atakayenikosoa. Halafu aibu ikanipanda, na baada ya aibu, machozi. Bi Rehema alitufundisha: tanzia huulizwa jina, mtaa, na nani anayetoa taarifa. Sikuuliza chochote. Nani katika mji huu asiyemjua Hamisi Kombo? Nikaandika mwenyewe "wa Makorora". Nikasoma hewani nikilia. Simu hazikukatika. Watu walilia nami. Meneja alikuja akanishika bega, akasema hicho ndicho kipindi.

Adhuhuri nikaenda Makorora. Turubai limeshafungwa, mikeka imetandikwa, masufuria ya wali yako motoni uani. Maiti hakuna. Majirani walisema mzee alikwenda jana Ushongo kwa binti yake, bila shaka ndiko mauti yalikomkuta, na maiti yuko njiani. Simu ya mzee haipatikani, ya binti haipatikani. Mtandao wa Ushongo unajulikana ulivyo mbovu. Tukakaa. Mdogo wake, Seif, ambaye hawajasalimiana tangu wagombane kwa ukuta wa nyumba, alikuwa barazani anajipiga kifua.

Bodaboda ikasimama. Akashuka Mzee Hamisi mwenyewe, mfuko wa samaki wakavu mkononi.

Akaangalia turubai. Akaangalia masufuria. Akasema, "Yakhe, nani kafa hapa?"

Mama mmoja akakimbia na mwiko. Seif akaanguka miguuni kwa kaka yake akimshika kanzu, analia kwa sauti. Mimi nikajificha nyuma ya akina mama.

Meneja amepiga simu jioni. Kesho niombe radhi hewani, halafu nimpishe mwingine. Majaribio yamekwisha.

Kiti changu. Siku tatu tu.

Alhamisi, 15 Mei

Sijui nianzie wapi.

Alfajiri nilimtafuta yule kijana kwa namba aliyopigia. Anaitwa Juma. Aliyefariki ni mjomba wake, Hamisi Kombo wa Muheza, muuza machungwa. Walitoa tangazo ili watu wake wa Tanga mjini waje kumzika. Maana amewaletea machungwa miaka mingi, na ndugu zake nusu wako huku. Watu hao waliposikia "wa Makorora" wakajua ni mwingine. Hawakwenda. Nikamuuliza mazishi yalikuwaje. Akasema, "Tulisimama kumswalia safu moja, dada. Nayo haikujaa."

Nilimwomba radhi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikaingia hewani. Nikaeleza yote: sikuuliza mtaa, nimemzika aliye hai na nimemnyima watu aliyekufa. Meneja amesimama nyuma ya kioo, mikono kifuani, na atakayenipokea yuko pembeni yake ameshika miwani.

Mlango ukafunguka. Mzee Hamisi! Kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi. Akaketi kwenye kiti cha mgeni kana kwamba tulimwalika. Nikatoa shikamoo. "Marahaba. Haya, nihoji."

Nikahoji! Nilimuuliza ilikuwaje kuzisikia sifa zake mwenyewe. Akasema uongo mtupu, jirani alimwita mpole, yeye hajawahi kuwa mpole. Athumani alikuwa anagaragara. Nikamuuliza kuhusu Seif. Hapo akakaa kimya, nami, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya redio, nikamngoja. Akasema, "Kalala kwangu. Tumekula wali wa matanga yangu."

Kisha yeye akanigeukia. Na aliyekufa kweli, kazikwa na wangapi? Nikamwambia maneno ya Juma.

Mzee akaivuta maikrofoni. "Nyote mliokuja kunizika jana. Safari ile haikuwa yangu, ilikuwa ya mwenzangu wa Muheza. Kesho ni siku ya tatu, ndiyo hitima yake, tukamsomee Kurani. Baada ya swala ya Ijumaa tukutane hapa nje. Asiyekuja, siku yangu ikifika kweli asije vilevile."

Simu zililia mpaka taa zote zikawaka pamoja. Yule mwenye miwani akauliza choo kiko wapi, akaondoka asirudi.

Ijumaa, 16 Mei

Mabasi! Nilidhani tutakuwa watu wachache na aibu yetu. Nje ya kituo palijaa mpaka barabarani. Wapika wali wa Makorora na masufuria yao. Wauza matunda wa sokoni waliokuwa wakinunua kwa marehemu, wengine wanalia upya. Seif amemshika kaka yake mkono. Meneja na kofia yake. Nilitaka kupiga vigelegele, nikakumbuka tunakwenda kwenye msiba.

Muheza, Juma alitoka nje akatuona, akaingia ndani, akatoka tena. Mikeka haikutosha. Watu wakasoma wakiwa wamekaa kwenye majani, chini ya michungwa ya marehemu, mpaka uani kwa jirani. Nikamwendea mjane wa marehemu ndani, nikapiga magoti. Akanishika kichwa. Akasema tu kwamba kelele zile za watu, mumewe angezipenda.

Amenifungia machungwa kwenye kanga.

Tukirudi, meneja aliketi kiti cha mbele yangu. Hakugeuka. Amesema Jumatatu niwahi, magazeti yasipofika nisichakarishe karatasi, inasikika.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua ndogo. Magazeti yamefika.

Tanzia moja, ya mama wa Pongwe. Niliuliza jina, nikauliza mtaa, nikauliza na watu walimwitaje. Nikaisoma taratibu.

Simu za wasikilizaji zilipofunguliwa, wa kwanza hakuwa Mzee Hamisi. Wala wa pili. Kipindi kikaisha hajapiga. Nikatoka hadi kwenye korido, nikampigia mwenyewe.

Ikalia sana. Akapokea.

Nikamuuliza mbona leo kimya, mzee.

Akasema alikuwa anasikiliza, leo kuku hakuona mwewe.

Nimemenya chungwa moja la Muheza. Nimelila lote nikiwa nimesimama.