Kibuyu cha Mlangoni

Mtumba, Dodoma
Jumapili, mchana

Kwa mama yangu kipenzi,

Shikamoo mama. Nakuandikia nikiwa hai, na hilo nimelitanguliza makusudi, maana najua ndilo ulilokuwa unalisubiri tangu siku mliyosikia habari zetu redioni. Mimi mzima, tumbo langu zima, nakula na nalala. Wewe je? Goti limepungua? Mikorosho mmeipulizia dawa, au kaka bado anangoja wenzake waanze? Na ule mtungi wa barazani, bado unaujaza kila asubuhi kwa ajili ya wapita njia? Nijibu moja moja, usiniambie tu "hatujambo", kwa sababu hatujambo yako naijua, hata ukiwa hoi kitandani wewe hujambo.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule mtoto wa jirani anayesoma chuo hapa mjini. Umesema huko Masasi nako watu wameanza kutapika pale sokoni, halafu ukaruka ukaanza kunisema mimi. Umeniambia nirudi nyumbani, na umeniuliza kama nataka kufa kwa ajili ya vibuyu vya watu. Mama, nilikasirika. Niliikunja ile barua nikaenda kutwanga uwele mpaka jirani akauliza kinu kimenikosea nini. Baadaye nikaona una haki ya kuuliza. Basi nitakujibu, na mwisho nina ombi. Mwambie anayekusomea asiruke hata mstari mmoja.

Unakumbuka lile shirika la serikali nililofanyia kazi lilipouzwa, sisi wa stoo ndio tuliopewa barua kwanza. Mwenye mali mpya alikuja na watu wake na makufuli yake. Nikahamia chumba cha kupanga Nzuguni, nikawa nauza maandazi, mpaka akanijia mzee Chilewa, mwalimu mstaafu wa hapa Mtumba, akaniuliza kama naweza kutunza stoo ya vitu visivyouzwa. Nilimcheka mbele ya macho yake. Stoo gani hiyo? Kumbe wanawake wa hapa walikuwa wamejenga nyumba ya tembe, ile ya udongo yenye paa la bapa waliyokuwa wakijenga wazee wao, na kila ukoo umeleta kitu chake cha zamani kiwekwe humo watu waje wakione. Tangu biashara zifunguliwe, wachuuzi walikuwa wanapita vijijini wananunua vigoda na mikuki na ngoma kwa bei ya chumvi, wanakwenda kuwauzia wageni. Wazee wakaona kabla hatujabaki na kuta tupu, tuviweke pamoja. Ila ushike neno hili: hakuna kitu cha kale kilichokuwa cha nyumba. Kila kimoja kilikuwa na mwenyewe, kimeazimwa tu.

Aliyeanzisha yote hayo ni mama mmoja anaitwa Sechelela. Kwao jina hilo maana yake ni furahini, lakini sijaona mtu mkali namna ile. Siku yangu ya kwanza alisema nafagia kama ninayefukuza kuku. Aliniita Mmakonde wake, nikimwambia sisi ni Wayao anasema kote huko ni korosho tu. Lakini ndiye aliyenifundisha kupika mlenda ukavutika, na nilipougua malaria ndiye aliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda changu. Mama, usinionee wivu, alikuwa mama yangu wa huku.

Sasa nikueleze kibuyu. Mlangoni pa makumbusho kulikuwa na kibuyu kikubwa cha bibi yake Sechelela, kimekatwa mdomo mpana, kinaning'inia kwenye kigingi, na ndani yake kata ndogo ya kuchotea. Huku maji ni shida, mama, si kama kwetu. Kumpa mtu maji ni kumpa heshima. Kila aliyekuja, awe karani wa Bunge, awe mchunga ng'ombe, haingii kabla hajanywa. Na mwenyeji ndiye anayeanza. Sechelela anachota, anapiga funda moja mgeni akimwangalia, halafu anampa kata mgeni achote mwenyewe. Wageni kumi wakija, anakunywa mara kumi. Nilikuwa namtania kwamba siku moja atafurika.

Mwaka huu mvua zilinyesha kupita kiasi, vyoo vikajaa, visima vikaingiwa na uchafu. Kipindupindu kilichokuwa kinatembea nchi kwa nchi kikatufikia na sisi. Mabwana afya walipita na chokaa na klorini. Walipiga marufuku pombe za kienyeji, vyakula vya njiani, ngoma, matanga, hata kupeana mikono. Shule zikaacha kuleta watoto kwetu. Tukasema tutafanyaje ili tusifunge? Tukatoa vitu nje tukavipanga juani, wageni wakatazama wakiwa nyuma ya kamba, wachache wachache. Mitungi yetu mikubwa ya maonyesho tukaijaza maji yenye dawa, wanakijiji waje kunawa na kuchota. Bwana afya alitusifu sana. Alisema angekuwa na nyumba kama hii kila kijiji angelala usingizi.

Ikabaki kibuyu. Tuliketi kikao kwa ajili yake, mama, watu wazima wenye akili zao. Zamani mtaalamu mmoja alishakuja kutufundisha kutunza vitu, akatukanya kwamba kitu cha kale hakitiwi dawa, kitaharibika. Mitungi ilikuwa mipya, tuliinunua, hatukuihurumia. Kibuyu cha bibi, hapana. Mzee Chilewa akasema tukitia klorini kitapasuka. Sechelela yeye hakujali kupasuka, alijali harufu. Alisema, "Mgeni ukimpa maji yanayonuka dawa, umemwambia arudi kwao." Tukakubaliana maji ya kibuyu yachemshwe tu, yasitiwe kitu. Sote tulinyoosha mikono. Tukaona tumemaliza.

Basi akaja baba mmoja wa ng'ambo ya korongo, amebeba zeze la marehemu baba yake kwenye shuka. Alitaka tulitunze. Tulimpa pole, tukauliza mzee aliugua nini, akasema kifua. Hakusema kweli, tulikuja kujua baadaye, na simlaumu sana, maana waliokufa kwa kipindupindu walikuwa wanachukuliwa na mabwana afya wanazikwa bila ndugu, na yeye alikuwa amemficha baba yake, amemwosha na kumzika mwenyewe nyuma ya zizi. Mikono ileile ndiyo iliyoingia kwenye kibuyu kuchota maji. Alikunywa akashukuru akaingia. Nyuma yake walikuja wanawake wawili wa kutoka Kondoa wanaosubiri basi. Sechelela akachota kama kawaida, akaanza yeye. Wale wanawake walikataa, walisema wamefunga. Walisalimika kwa funga yao.

Kesho yake alfajiri Sechelela alikuwa amekwisha, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Walimpeleka kambini, pale shuleni, kwenye mahema. Hatukuruhusiwa kupita kamba. Nilisimama upande huu, yeye wamemlaza karibu na mlango wa hema ana dripu, na sauti yake yote ile ya kunigombeza imebaki uzi. Aliniuliza, "Nani anapokea wageni?"

Nikamwambia mimi.

"Unaanza wewe?"

Nikasema ndiyo, naanza mimi. Kibuyu nilikuwa nimeshakimwaga nimekifunika kifudifudi kwenye kona. Lakini ungemwambia nini mtu katika hali ile? Alifumba macho kama aliyeridhika. Jioni walikuja kutwambia.

Walimfunga kwenye nailoni wakampulizia dawa, wakamzika watu wanne wenye mabuti ambao hata jina lake hawakulijua. Huyu, mama, ndiye aliyekuwa akipiga ngoma katika kila harusi na kila msiba wa hapa, mwanamke wa kwanza kuanza na wa mwisho kuacha. Wenzake walisimama mbali, ngoma zao ziko ndani zimefungiwa, kwa sababu ngoma inakusanya watu. Binti yake mmoja tu, Nyemo, alizuiwa na mgambo asisogee. Hakulia. Aligeuka akanitazama mimi, na mpaka leo sijui alikuwa anatazama nini.

Baada ya hapo watu wakaanza kuja kuchukua vitu vyao. Na unajua aliyeanza? Mzee Chilewa, yeye aliyenileta. Alikuja kuchukua kigoda cha babu yake, anakwepa macho yangu, anasema nyumba ilikuwa inakusanya vitu vya wafu, sasa inakusanya wafu wenyewe. Nilimjibu vibaya, sitakuandikia nilichosema. Nikamfungia kigoda kwenye gunia nikampa, maana ni chake. Akafuata wa pili, wa tatu, ikawa kila wiki mtu na shuka lake. Wengine walichukua wakakaa navyo. Wengine niliwahi kuiona mikuki yao mjini kwa wale wale wachuuzi, imepakwa rangi ya viatu ing'ae. Hata lile zeze mwenyewe alirudi kulichukua. Hakuingia, alilipokelea uani akaondoka nalo.

Kufika kiangazi nilibaki na vigingi ukutani na mikeka. Hapo ndipo barua yako ilinikuta, ndiyo maana iliniuma. Ningerudi, mama. Mzigo nilishaufunga. Lakini siku hiyo walikuja wanafunzi kutoka mjini, wamesafiri na jua, na mimi sina cha kuwaonyesha. Nikachukua kipande cha chokaa nikaandika chini ya kila kigingi kitu kilichokuwepo na jina la mwenyewe, halafu nikawaambia twendeni. Tukatembea boma kwa boma. Kila boma na maji yake ya kunawa na sabuni yake, na mwenye kitu anakitoa mwenyewe anakieleza. Waliotukaribisha walitukaribisha. Waliotufukuza walitufukuza. Tangu hapo ndivyo tunavyofanya, makumbusho yetu yanatembea kwa miguu. Si kitu cha kujivunia. Ni kile kilichobaki.

Kibuyu hakikuwa na wa kukichukua. Bwana afya alitaka kichomwe. Nilimwomba, nikakisugua kwa klorini ndani nje mpaka kikawa cheupe kama mgonjwa, na bado sikuweza kukitundika wala kukitupa. Kilikaa kwenye kona. Nilimngoja Nyemo na nilimwogopa.

Wiki iliyopita alikuja. Hakuna salamu, hata mbukwa ya kwao hakutoa. Alisema nimpe kibuyu cha mama yake. Nikadhani anakwenda kukichoma, nikampa, nilimpa kwa mikono miwili. Akaketi pale kizingitini, akawasha moto kwenye mafiga, akaweka msumari mkubwa mpaka ukawa mwekundu, akakigeuza kibuyu akakitoboa kitako. Moshi ulipotoka alikohoa, na nikajua hakukohoa kwa moshi. Halafu akamimina maji ndani. Yote yakapita yakamwagika mlangoni. Akasimama akakitundika kwenye kigingi chake.

"Sasa kikae," akasema. "Wakione. Asinywe mtu."

Siku ya pili yake akaja karani mmoja wa mjini na mkewe. Yule bwana, mtu wa adabu zake, aliona kibuyu akanyoosha mkono ashike kata, kama walivyomfundisha kwao. Nyemo alikuwa nyuma yangu. Kiswahili chake si kingi, alikitafuta neno neno, na mkono wake ulikuwa umenishika kwenye kiwiko, kucha zimeingia.

"Hiki kilimuua mama yangu," akamwambia. "Karibu ndani."

Bwana yule alirudisha mkono. Akavua kofia ndipo akaingia, na ndani hamna kitu, mama, mna majina ukutani tu, lakini alikaa humo mpaka mkewe akaenda kumwita.

Basi jibu lako ni hilo. Sitaki kufa kwa ajili ya vibuyu vya watu. Ila siji mwaka huu. Nyemo anapokea wageni sasa, na hawezi kusimama pale mlangoni peke yake. Usinikasirikie, na ukikasirika, utwange kitu kama mimi.

Na sasa ombi langu. Uliniuliza mimi, na mimi nakuuliza wewe. Ule mtungi wa barazani, wenye kata moja, ambao kila apitaye njia anatia mkono wake: uutoe, mama. Usingoje barua nyingine. Usiuchemshie maji ukadhani umemaliza, sisi tulichemsha. Najua utasema ni thawabu, babu aliuweka, hakuna aliyewahi kupita kwetu akaondoka na kiu. Sechelela angesema hivyo hivyo, na angesema vizuri kukushinda. Mwambie kaka achukue msumari, autie moto, autoboe mtungi kitako. Mtungi wa udongo utapasuka, na upasuke. Wakikuuliza kwa nini, waambie binti yako ndiye mkorofi.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, mwambie mwanangu Salumu, mtoto wao, asome na akate kucha. Msalimie shangazi anayekusomea barua hii, namshukuru kwa sauti yake, na leo asiipunguze atakapofika hapo kwenye mtungi. Wasalimie majirani wa upande wa msikiti, hasa yule mama muuza uji, mwambie achemshe vikombe.

Nikipata habari kwamba baraza letu halina mtungi, nitalala.

Mimi binti yako asiyesikia,
Rukia