Mtu wa Kukaa na Otto

Ansab, Maskati
3 Agosti 1997

Mpendwa mama,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila joto la huku limeninyonya hata sauti.

Madamu, yule mwalimu wa Kizungu ninayemfanyia kazi, amekubali nije huko Krismasi hii, baada ya miaka minne bila likizo. Lakini naye anasafiri, na nyumbani kwake kuna mbwa wake mzee, Otto, asiyesikia vizuri. Kasema, "Bupe, tafuta mtu mwaminifu wa kukaa naye. Usipompata, likizo yako tutaiahirisha."

Nilianza na Godfrey, dereva wa Musoma tunayesali naye. Ijumaa nikamwachia Otto kwa majaribio. Niliporudi mchana nilimkuta mbwa amefungwa juu ya paa, jua linachoma, bakuli halina hata tone. Godfrey akashangaa ninavyofoka. "Dada, si mbwa tu?" Nikambeba Otto kushuka ngazi. Mama, ni mzito, mgongo unaniuma mpaka leo.

Niombee.

Mwanao,
Bupe


Tukuyu
14 Septemba 1997

Mwanangu Bupe,

Marahaba. Ninakuandikia kwa mkono wa mke wa mchungaji. Huku tunashukuru, ndizi zipo. Pole na joto, pole na mgongo.

Mguu haujapona. Juzi nilianguka jikoni, nikakaa sakafuni tangu asubuhi mpaka huyu mama alipopita kunijulia hali. Sikuvunjika. Usishtuke.

Aliponisomea barua yako nilicheka kusikia mbwa anatafutiwa mtu mwaminifu wa kukaa naye. Halafu nikanyamaza. Ameniuliza, "Mama, niandike nini hapo?" Nimemwambia aandike tu kwamba nilicheka.

Mama yako


Ansab
26 Oktoba 1997

Mpendwa mama,

Shikamoo. Barua yako niliisomea bafuni, nimefungulia maji ili madamu asinisikie. Unakula? Nani anakuchotea maji?

Nilikwenda kwa Bi Nasriya, jirani yetu, mzaliwa wa Unguja. Mtaani humu ndiye pekee ninayeongea naye Kiswahili. Alinikatalia mlangoni. "Mwanangu, mimi nna wajukuu wanatambaa humu, na tunasali humu. Mate ya mbwa ntayapeleka wapi?" Nikamweleza tu ulivyokaa sakafuni, nikaondoka.

Jana amekuja mwenyewe getini, anahema kwa kupanda kilima cha hapa kwetu. "Nimezungumza na mwanangu Awadh. Nyuma ya nyumba kuna banda la mbuzi, tupu, lina kivuli. Akae huko. Bakuli lake lije naye, lisiguse vyombo vyangu. Na ntamtazama mwenyewe, simwachii mtumishi."

Nikamuuliza kilichombadilisha. Akasema, "Mamangu alifia Unguja, mimi niko hapa. Usiniulize tena."

Nakuja, mama.

Mwanao,
Bupe


Ansab
18 Januari 1998

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama. Yule binti Sekela niliyekuachia, anakukumbusha dawa? Anakuja kweli kila asubuhi, au alikuwa anakuja kwa sababu nilikuwepo? Mke wa mchungaji aniandikie ukweli.

Otto nimemkuta mzima, amenenepa. Bi Nasriya alikuwa kwenye kiti nje ya banda, anamsimulia habari za mkwe wake. Aliponiona akasema, "Haya, mchukue," akaingia ndani haraka.

Mama, siku ya kuondoka ulijifanya umelala. Niliona kope zinacheza. Nilisimama mlangoni na begi, dereva anapiga honi, nikashindwa kukuita. Nimechoka na kufua, nimechoka na kupiga pasi, lakini ule mlango ndio umenimaliza nguvu.

Jana nimemwambia madamu kwamba mkataba ukiisha mwezi wa sita sitatia saini mwingine. Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. "Na Otto, nani atakaa naye?"

"Sijui, madamu."

Sijawahi kumjibu hivyo. Alikuwa akingoja niongeze neno. Nikatoka kuanua nguo, maana zilikuwa zimeshakauka.

Mwanao,
Bupe